Nuru ya juu na chakula cha chini: ziwa letu na bahari za barafu

Wandugu wapadri, wafratri na wakatekista,

Jioni moja ya mwezi wa 4, mvuvi mmoja wa hapa Goma alikuja kutuona. Alikuwa na uchungu mwingi. Ekipe yake ilikuwa imerudi asubuhi nyingi na sambaza wachache sana, hata hawakutosha kulipa mafuta ya taa. Alitueleza ya kuwa anajua sababu: mama mzee mmoja, jirani yake, «amefunga ziwa». Alituomba tuende kumwonya yule mama mbele vijana wa ekipe hawajaenda wao wenyewe.

Sisi tulimkemea juu ya ushirikina, kiisha tukamrudisha nyumbani. Kesho yake tulipita kwa yule mama, tukakuta amefunga mlango wake mchana kweupe, na makala aliyokuwa akiuza barabarani yamerudishwa ndani. Ndipo tulipofahamu ya kuwa tulimkemea mvuvi, lakini hatukumjibu. Yeye aliuliza: sambaza wamekwenda wapi? Kwa swali lile sisi hatukuwa na neno hata moja. Na mtu akikosa jibu la kweli, anachukua jibu lililo karibu.

Tangu siku ile tulijitahidi kusoma mambo ya maji. Jambo la kushangaza ni hili: ili kufahamu vizuri ziwa Kivu, ilitupasa kwanza kusoma habari za bahari za barafu, kule kwenye ncha mbili za dunia. Maana kule na hapa kanuni ni moja, lakini inafanya kazi kwa namna mbili zinazopingana. Tunawaomba basi mtufuate mpaka kule mbali. Kiisha tutarudi pamoja kwenye soko la Kituku.

1. MAJANI YA MAJI

Kila mtu anajua ya kuwa ng'ombe wa Masisi wanaishi kwa majani. Kama hakuna majani, hakuna maziwa wala nyama. Lakini katika ziwa, majani yako wapi? Sambaza anakula hasa wanyama wadogo sana wanaoelea majini, wengine hawapiti ukubwa wa punje ya chumvi. Na wale wanyama wanakula nini? Wanakula mimea midogo kuliko wao, ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona moja moja. Wataalamu wanaiita fitoplanktoni, ndiyo kusema mimea inayochukuliwa na maji. Mkichota glasi moja ya maji ya ziwa, mnaona maji safi tu. Kumbe ndani yake kuko maelfu na maelfu ya hii mimea.

Msiidharau juu ya udogo wake. Fitoplanktoni ya bahari na maziwa yote inafanya karibu nusu ya kazi yote inayofanywa na mimea ya dunia, yaani kuchukua gazi kaboniki, kuigeuza kuwa chakula kwa nguvu za jua, na kutoa oksijeni tunayovuta. Nusu nyingine ndiyo kazi ya misitu yetu, mashamba na majani yote ya inchi kavu.

Hii mimea inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni nuru. Cha pili ni mbolea: azoti, fosfori, chuma kidogo, na kwa ile jamii iitwayo diatomei, silisi pia, maana diatomei inajijengea ganda lililo kama kioo. Lakini tazameni shida iliyopo. Nuru inatoka juu, na haishuki mbali: katika ziwa Kivu, chini ya metri 20 hivi haitoshi tena kulisha mmea. Mbolea nayo inatoka chini, kwa sababu kila kitu kinachokufa majini kinazama, kinaoza kule chini, na mbolea yake inabaki kule. Basi nuru iko juu na mbolea iko chini. Maisha yote ya maji yanategemea neno hili: ni wakati gani, na kwa njia gani, vitu hivi viwili vitakutana?

2. PEMBENI MWA BARAFU INAYORUDI NYUMA

Twende sasa kwenye bahari za ncha ya kaskazini na ya kusini. Kule, wakati wa baridi, jua linakaa majuma mengi, na mahali pengine miezi, bila kuchomoza. Maji ya chumvi yanaganda yakifika karibu digri 1,8 chini ya sifuri, na bahari inafunikwa na barafu. Katika bahari ya kusini, ile barafu inafikia karibu kilometri mraba milioni 18 katika mwezi wa 9; katika mwezi wa 2 inabaki milioni 2 ao 3 tu. Inchi yetu ya Kongo ina kilometri mraba 2.345.000. Maana yake, kila mwaka inayeyuka barafu ya kufunika Kongo mara sita na zaidi.

Wakati wa baridi, kitu gani kinatokea chini ya ile barafu? Maji yanapoganda, yanatupa inje sehemu kubwa ya chumvi yake. Maji yaliyopokea ile chumvi yanakuwa mazito, yanazama, na mengine yanapanda mahali pake. Dhoruba nazo zinakoroga bahari. Kwa namna hii mbolea ya chini inapanda juu. Lakini hakuna nuru, na nuru kidogo inayokuwako inazuiliwa na barafu na theluji. Ghala limejaa, lakini mlango umefungwa.

Kiisha jua linarudi, na barafu inaanza kuyeyuka pembeni. Hapa ndipo palipo siri yenyewe. Watu wengi wangefikiri ya kuwa barafu ikiondoka, nuru inaingia, na mambo yamekwisha. Sivyo. Bahari ambayo inakorogwa sana mpaka chini haifai, hata kama jua linawaka, kwa sababu mmea mdogo unachukuliwa na maji: leo uko juu, kesho uko gizani. Mtaalamu wa Norvegi, Harald Sverdrup, alieleza jambo hili mwaka 1953: kama maji yanakorogwa mpaka chini sana, mimea inapitisha gizani muda mrefu kupita kiasi, inatumia nguvu nyingi kuliko inazopata, na haiwezi kuongezeka.

Barafu inayoyeyuka inaondoa shida ile. Maji yanayotoka katika barafu yana chumvi kidogo sana. Kwa hiyo ni mepesi, yanaelea juu ya maji mazito ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Yanafanya tabaka jembamba, na mimea iliyo ndani yake haiwezi kuzama upesi. Inakaa juu, katika nuru, pamoja na mbolea iliyopandishwa wakati wa baridi. Tena barafu yenyewe inaachilia chuma iliyokuwa imeshikwa ndani yake, na chuma ni adimu sana katika bahari ya kusini. Inaachilia pia mimea midogo iliyokuwa ikiishi chini ya barafu, nayo inakuwa kama mbegu. Kwa siku chache maji yanageuka rangi, yanakuwa ya kijani ao ya kahawia, na mashine zinazozunguka juu angani zinaona ile rangi.

Mbolea ikiisha mahali pale, mimea inapungua na kuzama. Lakini barafu imekwisha kurudi nyuma tena, na majani mapya yanaota mbele kidogo. Ndiyo maana ukanda wa kijani unafuata pembe ya barafu, kama wachungaji wanavyofuata majani mapya mlimani. Nyuma ya majani wanakuja krili, wadudu wa bahari walio mfano wa kamba wadogo, wasiopita santimetri 6. Nyuma ya krili wanakuja samaki, ndege na nyangumi. Mnyama mkubwa kupita wote wa dunia analishwa na mimea isiyoonekana kwa macho.

Tuongeze jambo moja. Zamani wataalamu walidhani ya kuwa chini ya barafu yenyewe hakuna mimea mingi majini. Katika mwezi wa 7 wa mwaka 2011, wataalamu Wamarekani waliosafiri katika bahari ya Chukchi, kaskazini ya Alaska, walikuta mimea mingi mno chini ya barafu yenye unene wa karibu metri moja, mpaka zaidi ya kilometri 100 ndani ya barafu. Sababu ni kwamba barafu ya siku hizi imepungua unene, na juu yake kuna madimbwi ya maji yanayopitisha nuru kama dirisha.

3. TURUDI ZIWANI KIVU

Hapa kwetu hatuna barafu majini, na jua halikosi mwaka mzima. Mtu angeweza kusema: basi, ziwa letu linapaswa kuwa na mimea kila siku bila kupungua. Lakini kumbukeni vile vitu viwili. Kule nuru inakosekana na mbolea inapatikana. Hapa nuru inapatikana na mbolea inakosekana.

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha metri 1.460, na mahali penye kina kirefu panafika metri 485. Lakini maji yenye oksijeni, yale ambamo samaki wanaweza kuishi, hayapiti metri 65 hivi kutoka juu. Yote yaliyo chini yake hayana oksijeni kabisa. Chemchemi zinazotoka chini ya ziwa zinaleta chumvi na gazi kaboniki ya inchi hii ya volkano. Kwa hiyo maji ya chini ni mazito, yanakaa chini, wala hayachanganyiki na ya juu. Ndimo zilimo zile gazi zinazosemwa sana, yaani gazi kaboniki na metani. Na pamoja na gazi, ndimo imefungwa azoti na fosfori ya mimea na wanyama waliokufa tangu mamia ya miaka.

Basi, sehemu ya juu inaishi kwa mbolea kidogo inayopanda. Katika miezi ya mvua, jua linapasha joto maji ya juu, hewa ina unyevu, na maji moto mepesi yanakaa juu kama kifuniko. Kukorogeka kunaishia metri chache, ao 30 hivi. Mimea inatumia mbolea iliyo karibu, na haipati nyingine ya kutosha. Inayostahimili vizuri zaidi ni ile midogo kabisa, jamii ya sianobakteri, inayoridhika na kidogo.

Kiisha kinakuja kipwa, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9. Hewa inakauka, upepo unavuma juu ya ziwa, maji yanageuka mvuke kwa wingi, na uso wa ziwa unapoa, kama chai inavyopoa ikipulizwa. Maji yaliyopoa yanakuwa mazito, yanazama. Kukorogeka kunashuka mpaka metri 60 hivi, na mbolea inapanda. Ndipo diatomei zinapoongezeka, na wanyama wadogo wanaozila wanaongezeka pia. Haya yalichunguzwa, kuanzia mwaka 2002, na wataalamu wa kwetu pamoja na wageni; kati yao ni Isumbisho wa Institut Supérieur Pédagogique ya Bukavu. Kwa hiyo wakati mashamba yetu yanakauka na mama anangoja mvua ili apande maharagi, ndipo ziwa nalo linapandwa mbegu zake.

Angalieni sasa jinsi kifuniko kimoja kinavyoleta matunda mawili tofauti. Kwenye pembe ya barafu, mbolea imekwisha kupanda, na kifuniko cha maji mepesi kinashika mimea katika nuru: kinasaidia. Katika ziwa Kivu, nuru iko tayari, na kifuniko kinazuia mbolea isipande: kinadhuru. Kule majani yanaota maji yanapotulia. Hapa yanaota maji yanapokorogwa.

Mtu anaweza kujaribu neno hili nyumbani. Chukueni glasi, mwieke maji nusu, na chumvi vijiko viwili vilivyokorogwa vizuri. Kiisha mimineni polepole, juu ya mgongo wa kijiko, chai nyeusi iliyopoa, isiyo na sukari. Chai itakaa juu, na maji ya chumvi chini. Pulizeni kidogo: haviungani. Korogeni kwa nguvu: vinaungana. Ule ndio mfano wa ziwa na bahari.

4. JOTO LA DUNIA LINAFANYA NINI?

Dunia inazidi kupata joto, na jambo hili linagusa kule na hapa. Katika bahari ya kaskazini, barafu ya mwezi wa 9 ilishuka mwaka 2012 mpaka kilometri mraba milioni 3,4, kiasi kidogo kupita vyote vilivyopimwa kwa vyombo vya angani. Katika bahari ya kusini, mwezi wa 2 wa mwaka 2023 barafu ilibaki chini ya milioni 1,8, jambo ambalo halijaonekana tangu kupima kuanza. Wataalamu walihesabu ya kuwa kati ya miaka 1998 na 2018 kazi ya mimea ya bahari ya kaskazini iliongezeka kwa 57 kwa mia. Mtu angeweza kufurahi. Lakini mahali pengine maji matamu yamezidi, kifuniko kimekuwa kinene, mbolea ya chini haipandi tena, na inabaki mimea midogo mno isiyolisha wanyama vizuri. Tena krili wachanga wanaishi wakati wa baridi kwa mimea iliyoshikamana na barafu kwa chini. Barafu ikikosekana, wanakosa chakula chao cha baridi.

Karibu nasi kuko mfano unaotuumiza zaidi: ziwa Tanganika, lenye kina cha metri 1.470, ziwa la wavuvi wa Uvira na Kalemie. Wataalamu walitangaza mwaka 2003 ya kuwa maji yake ya juu yamepata joto, kifuniko kimepata nguvu, upepo hauwezi kukoroga kama zamani, na mimea yake imepungua kwa karibu 20 kwa mia. Wengine, waliosoma matope ya chini ya ziwa, walionyesha mwaka 2016 ya kuwa upungufu wa samaki ulianza hata mbele ya uvuvi mkubwa. Kama maji ya juu ya Kivu yatazidi kupata joto, kanuni ni ileile: kifuniko kitakuwa kigumu kwa upepo wa kipwa.

Kwetu kuko tena neno la gazi. Tangu mwaka 2016, kiwanda cha KivuWatt, upande wa Rwanda karibu na Karongi, kinavuta maji ya kina cha metri 350 hivi, kinatoa metani na kufanya umeme. Kazi hii ni njema. Lakini maji yale yamejaa mbolea. Ndiyo maana kanuni zilizowekwa kwa ziwa zinaamuru yarudishwe chini sana, yasimwagwe juu. Yakimwagwa juu, mimea ingeota kupita kiasi, ingeoza, na oksijeni ya samaki ingepungua. Chakula nacho kina kipimo chake.

5. JIBU KWA MVUVI

Sasa tunaweza kumjibu yule mvuvi. Alikuja katika mwezi wa 4, baada ya miezi mingi ya mvua, wakati ambapo ziwa limekaa muda mrefu chini ya kifuniko chake. Mimea ilikuwa imepungua, wanyama wadogo vilevile, na sambaza wanafuata chakula chao. Kuko sababu nyingine ambazo wavuvi wanazijua kuliko sisi. Usiku wa mwezi mpevu taa haina nguvu, maana ziwa lote lina nuru, na samaki hawakusanyiki. Tena wengine wanavua kwa vyandarua vya mbu vinavyochukua watoto wa samaki mbele hawajazaa. Wale ndio wanaofunga ziwa kweli, nao si wazee.

Tukumbuke pia ya kuwa sambaza mwenyewe ni mgeni. Aliletwa kutoka Tanganika karibu na mwaka 1959. Mbele ya hapo katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula wanyama wale wadogo. Chakula cha jamaa nyingi za Goma na Bukavu kimesimama juu ya nyumba isiyo ya zamani sana. Yatupasa kuitunza.

Tulimwita yule mvuvi na wenzake wa ekipe. Hatukuwapa hotuba. Tuliweka glasi mezani, chumvi na chai, tukafanya kama tulivyoeleza hapo juu. Walitazama muda mrefu. Mmoja, aliye mkubwa kwa umri, akasema: «Babu yangu alikuwa akisema ya kuwa upepo wa kipwa unalima ziwa. Sisi tulifikiri ni maneno ya wimbo.» Kiisha wakaanza wao wenyewe kutueleza habari za maji, rangi yake na harufu yake, ambazo hatukuzisoma katika kitabu chochote.

Wandugu wakatekista, ninyi ndio mnaosikia kwanza watu wakisema ya kuwa fulani amefunga ziwa, ao mvua, ao shamba. Msiishie kukemea. Tafuteni kujua jambo lenyewe, mkalieleze kwa glasi, kwa sufuria, kwa lolote lililo karibu. Jibu linalofahamika linaweza kulinda uhai wa mtu.

Yule mama mzee anauza makala yake mbele ya mlango mpaka leo. Katika mwezi wa 8 tulipita pale, tukamkuta akichagua sambaza katika sahani. Aliyemletea ni yule mvuvi.